Mwanangu Alivyonizungusha Saigon

Nilikwenda Saigon kumchukua mwanangu. Niseme hivyo tangu mwanzo, maana watu wetu wa Lanham, huku Marekani, mpaka leo wanadhani nilikwenda kustarehe, na picha nilizorudi nazo zinawapa haki ya kudhani hivyo. Nipo mbele ya soko nimevaa miwani ya jua. Nipo kando ya mto nimeshika dafu. Ukiniangalia utasema huyu mama hana neno. Kumbe nilikuwa nimetumwa, na hotuba yangu ilikuwa kichwani, nimeikariri kuanzia bismillahi mpaka mwisho.

Aliyenituma ni dada yangu mkubwa. Kikao kilifanyika sebuleni kwake, Oxon Hill, na kilikwenda kama vikao vyetu vyote: kwanza pilau, halafu chai, halafu mtu anauvuta mlango na hapo ndipo neno linaanza. Neno lenyewe lilikuwa binti yangu wa pekee, aliyemaliza chuo akaenda Vietnam kufundisha watoto Kiingereza. Alisema anakwenda mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, akaongeza mwingine. Sasa mkataba ulikuwa unakaribia kwisha tena, na kila nikimuuliza kwenye simu anarudi lini, mtandao unakatika. Mtandao wa Vietnam ni mzuri kuliko wa kwangu, nimeuona mwenyewe. Ulikuwa unakatika kwenye swali hilo tu.

"Hili si la simu," dada akasema. "Nenda mwenyewe, umkalishe chini. Ukishamkalisha, unipigie."

Kwetu Tanga jambo zito lina adabu zake. Halisemwi njiani, halisemwi jikoni mtu ameshika mwiko. Mtu analishwa kwanza, anakaa, anatulia, ndipo unamwambia, mwanangu, nina neno. Hata mwenye kuleta habari ya msiba atakwambia ukae kabla hajafungua mdomo. Mwanangu amekulia Maryland, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa kukichanganya na Kiingereza, lakini hilo la kukalishwa analijua kuliko watoto wengi waliozaliwa Tanga, kwa sababu amekalishwa sana. Alipofeli hesabu nilimkalisha. Alipotoboa pua nilimkalisha.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ambayo sikuitaja kwenye kikao. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani, na picha za watoto wao ziko ukutani zinatuangalia. Watoto wenyewe wako mbali na wanapiga simu Jumapili. Nilikuwa naogopa kuwa yule mama wa kitandani. Nilikuwa naogopa siku nitakayogeuzwa na mtoto wa mtu mwingine, na wangu yuko upande wa pili wa dunia anakatikiwa na mtandao.

Jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Yeye mambo ya hotuba hayajui.

"Umubebe tu, dada," aliniambia tukiwa kwenye foleni ya magari. "Ule si mutoto yako? Umushike mukono, muingie mu avion, basi."

Nikacheka, lakini moyoni nikasema laiti ingekuwa rahisi hivyo.

Wiki niliyokaa Saigon ilikwenda bila nafasi. Mwanangu alikuwa anafundisha asubuhi na jioni, na chumba chake kidogo kilikuwa ndani ya nyumba anayoishi na mwalimu mwenzake, msichana mcheshi asiyejua kuondoka sebuleni. Siwezi kumkalisha mtoto mbele ya mgeni. Nikasubiri Jumapili, siku yake ya mapumziko na siku yangu ya mwisho pale. Jumapili ilipofika akaniamsha baada ya alfajiri, amevaa tayari, ameshika helmeti mbili.

"Today nakuonyesha mji, mama. Wote."

Nikasema vizuri, tutatembea kidogo, tutakula mahali, tutazungumza. Akasema sure, huku akinifunga helmeti juu ya mtandio.

Sasa, mtu wa umri wangu, mwenye magoti yaliyochoshwa na kunyanyua wagonjwa, akipandishwa kwenye skuta nyuma ya mtoto wake mwenyewe, hotuba yote inakimbilia tumboni. Nilimkumbatia kiuno nikafumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa katikati ya pikipiki ambazo sijawahi kuziona kwa wingi ule maishani. Barabara ilikuwa haionekani. Mtu amebeba friji, mwingine amebeba mke, watoto wawili na mbwa, mwingine ana mashada ya maua mpaka hatumwoni yeye. Hakuna aliyekasirika. Kule kwetu kwenye barabara kuu ya Beltway mtu mmoja akibadilisha njia bila taa anaitiwa laana za ukoo mzima. Hapa walikuwa wanapishana kwa upana wa kiwiko na nyuso zimetulia. Nilijaribu kusema kitu, upepo ukakichukua. Nikagundua kwamba kwenye skuta hakuna mazungumzo.

Tuliegesha karibu na soko, tukatakiwa kuvuka barabara kwa miguu. Nikasimama pembeni nikingoja taa, kama mtu mstaarabu. Taa ilikuwepo, lakini pikipiki hazikuwa na habari nayo.

"Usistop, mama," mwanangu akaniambia akinishika mkono. "Tembea polepole tu. Ukistop ndiyo wanakugonga. They go around you."

Tukaingia. Nilisoma kila dua ninayoijua. Pikipiki zikaja, zikagawanyika, nusu mbele yetu na nusu nyuma, na hakuna iliyogusa hata pindo la gauni langu. Katikati ya barabara nilimtazama mwanangu. Hakuwa anaangalia pikipiki kabisa. Alikuwa ananiangalia mimi, kichwa juu, kama mtu anayemvusha bibi yake mlango kwa mlango katika mtaa aliozaliwa. Nikajivunia na papo hapo nikaogopa, maana mtoto anayevuka hivyo hayuko safarini.

Sokoni palinichanganya akili. Mimi nimeondoka nyumbani miaka mingi, na Maryland matunda yake ni yale yasiyo na harufu. Hapa nikakuta mashokishoki, yamerundikwa mekundu na manyoya yake kama ya Unguja, na doriani linanuka toka mbali, na mafenesi, na ndizi fupi nene. Nikasimama pale macho yakanijaa maji. Mwenye meza, mama wa makamo, akanimenyea shokishoki moja akanipa bure, akasema maneno na mwanangu akamjibu kwa lugha yao, haraka, wanacheka. Nilipotaka kulipia ya kubeba, mwanangu akazitoa pesa mwenyewe akampa yule mama kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo. Mtoto huyu nyumbani alikuwa akinirushia funguo za gari toka mlangoni.

Nyuma ya matunda kulikuwa na meza za chakula na viti. Nikasema, tukae hapa.

"Tufungiwe tu, mama. Kuna joto."

Tukala mkate wao wa mayai tukiwa tunatembea. Nilikula nimesimama, kitu ambacho marehemu mama yangu angenichapia.

Adhuhuri akanipeleka msikitini. Sikujua kama mji ule una msikiti; ni mdogo, mweupe na kijani, katikati ya mahoteli, na ndani pana ubaridi na mkeka safi. Nikaswali. Nilipomaliza nikabaki nimekaa, mgongo ukutani, miguu nimenyoosha, nikasema sasa hapa hakuna joto, hakuna skuta, hakuna mwalimu mwenzake. Mahali bora kuliko hapa sitapata. Nikamwita mwanangu, nikapiga mkeka kando yangu mara mbili.

"Nakuletea maji," akasema, akatoka.

Nilingoja. Alirudi mlangoni ameshika chupa na viatu vyangu pia, vyote viwili, ananionyesha saa. Posta inafungwa, akasema. Nikamuuliza posta kuna nini. Akasema ni posta ya zamani sana, iliyojengwa na Wafaransa, kila mtu anaiona. Nimevuka bahari kuja kuona posta.

Lakini nitasema haki, posta ilikuwa nzuri. Dari yake juu, chuma kilichopindwa, vigae vya chini vina maua, na watu wamejaa wanapigana picha. Na katikati, nikaona kwa macho yangu, mabenchi. Mabenchi marefu ya mbao, yamelainika kwa kukaliwa. Nikaenda moja kwa moja nikajitupa kwenye mojawapo kabla hajasema kitu. Mwanangu akasimama mbele yangu na simu juu.

"Smile."

"Mwanangu," nikasema, "kaa."

"Moja ya mwisho. Angalia huku."

"Kaa hapa, nina neno."

Nikamwona. Aliangalia benchi, akaangalia mlango, akaangalia tena benchi, na usoni mwake pakapita kitu ninachokijua, kwa sababu kiliwahi kupita usoni mwangu. Akasema kanisa liko hapo mbele tu, la pinki, ten minutes, halafu mtoni, jua linakuwa zuri mtoni. Akanishika kiwiko akaninyanyua kwa upole sana, kwa namna ninavyowanyanyua wazee wangu mimi.

Pale pale mlangoni pa posta ndipo nilipong'amua. Mtoto ananizungusha. Siku nzima hakunionyesha mji. Alikuwa ananizuia kukaa.

Na niling'amua kwa sababu mbinu ile ni yangu.

Mume wangu alifariki mwanangu akiwa mdogo, hajafika hata mwaka wa pili wa shule. Nilikaa eda yangu palepale Lanham, na eda ilipokwisha, kaka mkubwa wa marehemu akafunga safari kutoka Tanga kuja kwangu. Ukoo ulikuwa umemtuma. Hakuniambia, ila sikuhitaji kuambiwa: mtoto wa marehemu arudi nyumbani alelewe kwa baba zake, na mimi nikitaka nirudi naye, nisipotaka basi. Shemeji yangu alikuwa mtu mzito, wa vikao, mwenye sauti ya chini. Nilijua akinikalisha tu nimekwisha, maana mbele yake nisingeweza kusema hapana. Kwa hiyo sikukaa. Wiki nzima nilichukua zamu za usiku na za mchana. Na siku yake ya mwisho, nilipokosa zamu, nikamwambia, shemeji, leo nakuonyesha Washington.

Nilimwonyesha. Nilimpandisha treni ya chini kwa chini, nikamtembeza kutoka bunge mpaka kwenye ule mnara mrefu mweupe, kutoka mnara mpaka kwenye bwawa, mtoto mkono huu na begi la maji mkono ule. Picha, twende. Picha, twende. Chakula tulikula tukitembea. Tulipanda ngazi zote za yule rais wa jiwe aliyekaa kwenye kiti chake, na nakumbuka niliwaza kwamba siku ile aliyebahatika kukaa ni yeye peke yake. Jioni nikamfikisha shemeji uwanja wa ndege, akanipa mkono, akaondoka. Nikasikia baadaye kwamba aliwaambia ukoo hakupata nafasi ya kukaa na mimi. Nilicheka, jamani. Kwa miaka nilijiona mjanja, nimemshinda mzee wa vikao kwa miguu yangu mwenyewe.

Basi kanisa la pinki tuliliona, lakini akili yangu haikuwepo. Mtoni tulifika jua limelegea. Pembeni ya barabara palikuwa na mama anayeuza kahawa kwenye meza za plastiki na vile viti vyao vifupi, vya kimo cha mbuzi wetu wa kukunia nazi. Nikachuchumaa, nikajiachia, nikakaa. Nilijua sitanyanyuka tena bila msaada. Mwenye kahawa alipoona magoti yangu akaniletea kiti kirefu zaidi; nikakataa kwa ishara. Mwanangu alibaki amesimama.

"Unanizungusha," nikamwambia.

Hakukana. Alivua helmeti ambayo tangu tuteremke alikuwa hajaivua, akaiweka chini.

"Kama vile wewe ulimzungusha Baba Mkubwa," akasema.

Alisema kwa Kiswahili kitupu, na mimi nikashtuka si kwa lugha bali kwa kuwa anakumbuka. Nilimuuliza amejuaje, alikuwa mtoto. Akakaa. Magoti yetu yakagusana chini ya kimeza. Akanieleza, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza, kitu ambacho sikuwa nakijua.

Siku ile Washington, jioni, niliwaacha yeye na Baba Mkubwa kwenye benchi la bustani nikaenda kutafuta choo. Nilikumbuka benchi, nilikuwa nimekimbia kwenda na kurudi ili mzee asizoee kukaa. Mtoto akamuuliza Baba Mkubwa kama amechoka. Akasema amechoka sana. Mtoto akamwambia basi amwambie mama wapumzike.

"Akasema, mama yako anafikiri sijui. Akasema, mwache tu anizungushe, mimi ndiyo nimekuja kwa hilo." Mwanangu alikuwa anakoroga kahawa iliyokwisha korogwa. "Akasema, nikifika nyumbani nitawaambia sikupata nafasi. Aliniambia nisikwambie. I was six, mama. Nilifikiri ni mchezo."

Mzee yule, aliyekalisha watu Tanga nzima, alikuwa amepanda ngazi zote zile kwa hiari yake. Angeweza kunikalisha siku ya kwanza, jikoni kwangu, kwa kutamka jina langu tu. Alijibebesha lawama ya ukoo ili niendelee kumlea mtoto wangu, na akanifanya nidhani ni ujanja wangu. Amekwisha fariki. Sikuwahi kumshukuru, kwa sababu sikujua kwamba nimepewa kitu.

"Sitaki kurudi," mwanangu akasema. "Not now. Nimesaini tena. Nilishindwa kukwambia. Ukinikalisha siwezi kukwambia no."

Moyo uliniuma, sitadanganya. Hotuba yangu yote ilikuwa pale, kuanzia bismillahi, na ndani yake kulikuwa na yule mama wa kitandani na picha za ukutani. Nilijua kwamba nikiisema atakubali. Angerudi Lanham na mabegi yake, angekaa chumba chake cha zamani, na angekuwa mtoto mwema mpaka nife. Nilimtazama. Mwenye kahawa alikuwa anamwambia kitu kutoka nyuma, naye akamjibu bila kugeuka, kama mtu anavyojibu nyumbani kwao.

"Wanakuitaje hapa?" nikauliza.

"Wadogo wananiita dada. Wazazi wa watoto wananiita mwalimu. Lazima wakuulize umri kwanza, ndiyo wajue wakuiteje." Akafikiri. "Lanham hakuna mtu alikuwa ananiita dada."

Ilikuwa kweli. Nilimzaa peke yake nikamlelea mahali ambapo majirani hawajuani majina. Nikanywa kahawa yao na maziwa mazito ya kopo, tamu kupita kiasi, nikahisi machozi yananishuka nikayaacha yashuke. Akaniuliza kama nina neno. Akakaa wima kabisa, mikono mapajani, kama nilivyomfundisha.

Simu yangu ikaanza kutetemeka kwenye meza. Dada yangu. Kwao Oxon Hill ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka, anajiandaa kwenda kazini, na alikuwa ameshindwa kungoja.

"Enhe, umemkalisha?"

Mwanangu alisikia. Ile simu sauti yake ni kubwa.

"Sijapata nafasi, dada," nikasema.

"Hujapata nafasi? Na kesho si ndiyo unaondoka?"

"Ndiyo. Tumezunguka tu tangu asubuhi. Soko, msikiti, posta, kanisa. Mji mkubwa huu, dada. Miguu imekwisha, na bado sijamaliza kuuona."

Mbele yangu mwanangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nikasikia birika la dada likichemka kule Maryland. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, kama angalau mji wenyewe ni mzuri. Nikamwambia ni mzuri, na kwamba mtoto anaujua wote.